Waacheni Wazee Wainuke Wenyewe

Kazi yangu ni mazoezi ya viungo katika hospitali moja hapa Pemba. Wagonjwa hunipa majina yao wenyewe: wengine daktari wa mazoezi, wengine yule anayenyoosha watu. Huletewa watoto wachanga waliozaliwa na miguu iliyopinda, vijana walioanguka kwenye mikarafuu, madereva wenye kiuno, watu waliopatwa na kiharusi, na wazee. Wazee ndio wengi kuliko wote, na ndio ninaotaka kuwasemea hapa, kwa sababu miaka yote niliyofanya kazi hii nimeliona jambo moja likitendwa kwa mapenzi na heshima, nalo likiwamaliza nguvu. Jambo lenyewe ni kuwakalisha.

Sote tunajua linavyokwenda. Mama akishafika umri fulani, watoto wanakaa kikao wanakubaliana kwamba sasa basi, mama apumzike. Maji atatekewa. Mbuzi ya kukunia nazi inaondolewa mikononi mwake anapewa mkaza mwana. Ufagio hashiki tena. Ananunuliwa kiti cha plastiki, anawekwa barazani, chai inamfuata pale pale, na akijaribu kuinuka wajukuu wawili wanamkimbilia, mmoja kwapa hili na mwengine kwapa lile. Wapita njia wanamwangalia wanasema, yule mama kapata watoto. Na kweli kapata. Lakini haupiti muda mrefu analetwa kwangu hawezi kuinuka chooni, na watoto wale wale wananiambia, "Ndiyo uzee huo, daktari."

Uzee una fungu lake, silikatai. Misuli hupungua kidogo kidogo tangu mtu akiwa bado mtu mzima mwenye nguvu zake. Ila sehemu kubwa ya ninachokiona si umri, ni kukaa. Mwaka 1966, kule Dallas, Marekani, vijana watano wenye umri wa miaka 20 hivi, wazima wa afya, walilazwa kitandani wiki tatu bila ya kuumwa chochote, ili watafiti waone mwili unafanya nini. Uwezo wa miili yao kuvuta na kutumia oksijeni uliporomoka kwa zaidi ya robo. Waliposimamishwa na kufanyishwa mazoezi ulirudi. Miaka 30 baadaye watu wale wale watano walitafutwa wakapimwa tena, na ikaonekana kwamba wiki tatu za kitandani ziliwashusha kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Nilipolisoma hilo nikiwa chuoni nilirudi nyuma nikalisoma tena. Hao walikuwa vijana. Kwa wazee hali ni nzito zaidi: utafiti uliochapishwa 2007 uliwalaza watu wenye umri wa wastani wa miaka 67, wazima, kwa siku 10 tu, na wakapoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguuni. Siku 10 ni kawaida kabisa kwetu. Mzee akipata homa kali, au akifiwa, au akirudi hospitali, siku 10 za kulala hakuna anayezihesabu.

Naomba nieleze ninachokifanya mzee anapoingia chumbani kwangu, maana watu wengi wanadhani tunaanza kwa kumkanda. Ninaweka kiti kisichotikisika, nahesabu mita tatu sakafuni, nabandika utepe. Namwambia, "Bimkubwa, nikisema haya, utainuka, utakwenda mpaka kwenye utepe, utageuka, utarudi, utakaa kitako. Mwendo wako wa kila siku." Nashika simu yenye saa ya kuhesabia. Kipimo hiki kilitangazwa 1991 na wataalamu wawili wa Kanada, Diane Podsiadlo na Sandra Richardson, na hakina gharama hata senti moja. Mzee mwenye miguu ya kumtosha humaliza kwa sekunde 10 au karibu na hapo. Akifika 12 na kuendelea, namtia katika hesabu ya walio karibu na kuanguka.

Lakini saa peke yake haisemi yote. Naangalia zaidi kuliko ninavyohesabu. Bibi mmoja wa upande wa Micheweni, kabla ya kuinuka, mikono yake ilikwenda mwanzo kwenye mapaja, ikakandamiza. Nyayo zake zilikuwa mbele mno, hakuzirudisha chini ya kiti, kwa hiyo mara ya kwanza alinyanyuka kidogo akarudi. Mara ya pili akatoka. Alikwenda na mkono wa kushoto ukipapasa ukuta bila ya mwenyewe kujua. Kwenye utepe hakugeuka kwa hatua mbili tatu, aligeuka kwa vihatua vingi vidogo, kidogo kidogo, kama anayetafuta mahali pa kukanyaga. Na alipofika kwenye kiti hakujishusha. Alijiachia, kiti kikagonga ukuta. Nilimuuliza anaumwa wapi. Akanijibu, "Mwanangu, mimi siumwi. Miguu hii haina kazi tu." Mwanawe wa kike, aliyekuwa amesimama mlangoni, alianza kumkatiza, nikamwomba amwachie aseme. Maana maelezo ya mama yake yalikuwa sahihi kuliko cheti alichokuja nacho. Miguu ilikuwa haina kazi. Kazi zake zote walikuwa wamegawana watoto.

Watafiti wamelifuatilia jambo hili la mwendo kwa watu wengi sana. Mwaka 2011 zilikusanywa takwimu za wazee zaidi ya 34,000 kutoka tafiti tisa, wakiangaliwa kasi ya kutembea kwao kwa kawaida. Kasi hiyo peke yake, ukiichanganya na umri na jinsia, ilibashiri miaka waliyobakiwa nayo vizuri sawa na orodha ndefu ya maradhi, shinikizo la damu, sigara na uzito. Ndiyo sababu mimi humtazama mgonjwa tangu anaposhuka garini nje ya lango. Moyo, mapafu, misuli, mishipa ya fahamu, macho, ubongo, vyote vinahitajika ili mtu avuke ua kwa mwendo mzuri, na kimoja kikianza kuchoka, mwendo ndio unaosema mapema.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa Brazili. Daktari Claudio Gil Araújo na wenzake wa Rio de Janeiro waliwaomba watu zaidi ya 2,000, wenye miaka 51 hadi 80, wakae chini sakafuni kisha wainuke. Kukaa pointi 5, kuinuka pointi 5. Kila mara mtu anapojisaidia kwa mkono, au kwa goti, anapunguziwa pointi moja, akiyumba, nusu. Wakawafuatilia kwa miaka kama sita. Matokeo yalitoka 2012: waliopata pointi 0 hadi 3 walikuwa katika hatari ya kufa zaidi ya mara tano ukiwalinganisha na waliopata 8 hadi 10. Hii haina maana kwamba kuinuka vibaya ndiko kunakomuua mtu. Mtu mgonjwa, mtu mnene, mtu aliyekakamaa viungo, anashindwa kuinuka kwa sababu ya hayo. Ila inaonyesha kwamba kuinuka kutoka chini kunabeba habari nyingi za mwili mzima.

Nilipoyaona matokeo hayo nilifikiria kwetu. Sisi ni watu wa mkeka. Chakula tunakula mkekani, hitma tunasoma mkekani, mgeni anatandikiwa mkeka. Mwaka wa karafuu, familia nzima inakaa juu ya majamvi kuchambua mpaka usiku, vikonyo upande huu na karafuu upande ule. Na kuna sala. Faradhi peke yake ni rakaa 17 kwa siku na kila rakaa ina sijda mbili. Aliyesali maisha yake yote amekwenda chini na kurudi juu mara zisizo na idadi. Mtu anayelipia ukumbi wa mazoezi mjini hapati kushuka na kupanda kwa namna hiyo kila siku. Na hapa hapa Tanzania, pembezoni mwa Ziwa Eyasi, watafiti waliwavalisha Wahadza, watu wa kuwinda na kuchuma porini, vifaa vya kupima misuli na mwendo, na utafiti wao wa 2020 ukaeleza kwamba Wahadza wanapumzika kiasi cha saa 10 kwa siku wakiwa macho, karibu sawa na watu wa nchi tajiri. Tofauti ni namna ya kupumzika: wanachuchumaa, wanapiga magoti, wanakaa chini, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo wakati wa mapumziko. Watafiti wanaona huenda hiyo ni sababu mojawapo ya kupumzika kwao kutowadhuru.

Basi kiti cha plastiki kilipoingia barazani kilikuja na raha yake, na kikaondoka na kitu.

Kuhusu sala nataka niseme kwa uangalifu. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kusali amekaa, hata amelala, na mimi si wa kumwambia mtu asali vipi. Ninachouliza ni kimoja: "Babu, kiti hiki ulikiomba wewe kwa sababu ya goti, au uliletewa?" Wengi waliletewa. Mtoto amemwona baba ameyumba siku moja wakati wa kunyanyuka kutoka kwenye sijda, kesho yake kiti kikawa kimewekwa safu ya mwisho msikitini. Kwa wale ambao magoti yao yameharibika kweli, kiti kinabaki, na nafanya nao mazoezi mengine. Kwa waliobaki, ambao ni hofu tu iliyowakalisha, tunajifunza upya kushuka na kupanda.

Tunajifunza hivi. Mzee analala chali mkekani, anageukia ubavu ulio mzima zaidi, anasukuma kiwiko, anakaa kwa nyonga moja. Kutoka hapo anakuja kwa magoti na viganja, miguu minne. Namwekea kigoda mbele yake. Anashika kigoda, anatoa mbele mguu wenye nguvu, unyayo wote chini, anainamisha kifua mpaka pua ivuke goti, halafu anasukuma. Hiyo pua ivuke goti ndiyo inayosahauliwa na kila mtu. Wazee wanaogopa kuinama mbele, wanajivuta nyuma, na mtu anayejivuta nyuma hainuki hata akiwa na nguvu. Wajukuu wanaomnyanyua kwa makwapa wanamfundisha kosa hilo hilo, kwa sababu wanamvuta kwenda juu wakati mwili wake unapaswa kwenda mbele kwanza.

Na ngazi ya kupandisha nguvu tunayo nyumbani, hatuhitaji mashine. Kiti cha kulia kiko juu. Kitanda cha kamba kiko chini yake kidogo. Kigoda chini zaidi. Mbuzi ya kukunia nazi chini zaidi ya kigoda. Mwisho mkeka. Mzee anayeweza kuinuka kwenye kiti mara kumi bila ya mikono namhamishia kitandani, akishazoea, kigoda, na kadhalika, mpaka siku anapokaa juu ya mbuzi na kuinuka. Yule bibi wa Micheweni tulikwenda naye hivyo hivyo. Alipofika kwenye mbuzi alisema mwenyewe, mbele ya mwanawe, "Sasa nipeni na nazi nikune." Walimpa. Walipomrudisha kwangu tena kumpima, ukuta hakuupapasa.

Watu hunijibu kwamba umri umekwisha, nguvu gani tena zitakuja. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake wa Boston walichukua wazee 10 waliokaribia au kupita miaka 90, wanaoishi katika nyumba ya kulelea wazee, wakawapa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu wiki nane. Nguvu ya misuli ya mapaja iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Miaka 90! Msuli haujali cheti cha kuzaliwa. Unajali umebebeshwa nini na umepata chakula gani. Hilo la chakula nalo nalisisitiza, kwa sababu mzee anayeshinda kwa chai na boflo hajengi msuli hata akifanya mazoezi mpaka magharibi. Samaki, mayai, maharage, kunde, kila mlo apate kitu katika hivyo.

Kuna jengine la miguuni ambalo sasa silipiti. Kusimama bila ya kuyumba kunategemea macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo. Mwenye kisukari cha siku nyingi hisia za nyayo humwondoka kimya kimya. Kila mzee mwenye kisukari ninamvua viatu namgusa nyayo, kidole kwa kidole, akiwa amefumba macho, aniambie nimegusa wapi. Wapo wanaonijibu kabla sijagusa. Hao mazoezi ya kusimama wanafanya mchana kwenye mwanga, si alfajiri njiani gizani, na kandambili zinazoteleza zinatoka. Mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja umeshika kizingiti, kutembea kisigino mbele ya kidole, kukaa na kuinuka, yanafanya kazi kweli: tathmini iliyotoka 2019 iliyokusanya majaribio zaidi ya 100 ilionyesha mazoezi yanapunguza kuanguka kwa wazee kwa asilimia 23, yaani karibu robo. Na anayejua nyonga ya mzee iliyovunjika inafanya nini kwa nyumba nzima ataiona robo hiyo ni kubwa.

Huruma inayomkalisha mzee nimeiona vile vile kwa watoto wadogo. Mtoto mwenye mguu kifundo, yaani aliyezaliwa na unyayo uliopinda, tunamtibu kwa njia ya Daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani. Mguu unanyooshwa taratibu kwa mkono, unafungwa plasta, wiki ijayo inafunguliwa, unanyooshwa tena zaidi, unafungwa tena. Mara nyingi kano ya kisigino hukatwa mwishoni. Kisha viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma, miezi mitatu usiku na mchana, halafu wakati wa kulala tu mpaka mtoto afike miaka minne hivi. Plasta watu wanaivumilia. Viatu ndivyo vinavyovuliwa. Mtoto analia usiku, mavyaa anasema mnamtesa mwanangu, na mama mdogo wa miaka 19 hana ubavu wa kumjibu mavyaa wake. Mguu uliokwisha kunyooka unarudi kupinda. Tangu nilipolielewa hilo, namwita bibi pamoja na mama siku ya viatu, nampa bibi mwenyewe avifunge kwa mikono yake, na namkabidhi yeye ulinzi wa usiku. Bibi akiwa upande wako, viatu havivuliwi.

Kwa mtoto mchanga aliye mzima wa afya nasema machache. Mwekeni chini. Watafiti wa New York wakiongozwa na Karen Adolph waliwahesabia watoto wa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu wakicheza: kwa saa moja mtoto anapiga wastani wa hatua 2,368 na anaanguka mara 17. Ndivyo anavyojifunza. Nchini Kenya, miongoni mwa Wakipsigis, Charles Super aliandika 1976 kwamba akina mama wanawafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi, na watoto hao wanakaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani. Bibi zetu nao wanasimamisha dede, wanaachia mkono, wanashangilia. Si mchezo wa kupitishia wakati, ni mafunzo. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto ambaye hajaanza kutambaa alazwe kwa tumbo, akiwa macho na anaangaliwa, jumla ya nusu saa kwa siku angalau, na asifungwe mgongoni au kitini zaidi ya saa moja mfululizo. Mbeleko ni nzuri, lakini itoke.

Watu wa makamo huja kwangu wachache, na huja wamechelewa. Kila nikipanda gari ya Wete namwangalia dereva na konda wake. Mwaka 1953 Jeremy Morris alichapisha utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London: madereva, waliokaa zamu nzima, waliugua maradhi ya moyo zaidi kuliko makonda, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, na wote gari moja, mji mmoja. Morris hakuridhika na jibu lake mwenyewe. Alikwenda kuangalia vipimo vya sare na akakuta madereva walikuwa na viuno vipana tangu walipoajiriwa, kwa hiyo akaendelea kuchunguza watu wa kazi nyengine miaka mingi. Napenda mtu anayelihoji jibu lake hivyo. Leo Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na kazi ya misuli siku mbili au zaidi, na kwa wenye miaka 65 kuendelea linaongeza mazoezi ya kujizuia kuanguka siku tatu kwa wiki. Mwanamke anayelima mwani ana dakika hizo na zaidi, lakini ameinama saa nyingi katika maji. Yeye namwambia apumzishe mgongo na abadilishe mkao, simwambii aongeze kazi. Dereva ndiye ninayemwambia ashuke garini kila akifika stendi, azunguke.

Kiharusi kimenifundisha kwa namna yake. Mvuvi mmoja aliletwa mkono wa kulia umelegea, ingawa kifundo na vidole viliweza kufunguka kidogo. Mkewe alimlisha, alimvisha, alimfunga vifungo. Mkono wa kushoto ulifanya machache yaliyobaki. Edward Taub, aliyeanza na nyani kabla ya kufika kwa binadamu, alionyesha kwamba mkono uliodhoofika huzidi kusahauliwa kwa sababu ule mzima unafanya kila kitu, na ukimfunga mgonjwa mkono mzima kwa saa nyingi huku mdhaifu ukipewa kazi ndogo ndogo tena na tena, ubongo unajipanga upya. Jaribio kubwa la Marekani lililotoka 2006 lilithibitisha hilo kwa watu waliopatwa na kiharusi miezi mitatu hadi tisa iliyotangulia. Mvuvi yule mkono mzima tuliufunga kitambaa, na mkono mgonjwa nikaupa mishipi iliyojifunga mafundo aifungue. Mkewe alilia kumwona anavyohangaika na fundo moja. Nilimwomba atoke nje mpaka tumalize. Fundo lilifunguka. Alikuja kurudi kushona nyavu, polepole, lakini zinashika samaki. Ila niseme na upande wa pili: siku ya kwanza ya kiharusi si ya kumkokota mgonjwa atembee. Jaribio la kimataifa la 2015 lilionyesha kwamba kumshughulisha sana ndani ya saa 24 za mwanzo kunapunguza nafasi yake ya kupona vizuri. Mapema, kidogo kidogo, chini ya uangalizi, ndivyo inavyotakiwa.

Zanzibar tuna siku ya mazoezi kila Januari 1, na vikundi vya mazoezi vinakimbia alfajiri Unguja na Pemba. Nafurahi sana kuviona. Ningependa kila kikundi kiwe na safu ya wazee, wasiokimbia, wanaokaa na kuinuka.

Na ninacho kilio kimoja kwa vijana wetu wanaosomea afya katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Vipimo ninavyotumia vingi vimetungwa kwa watu wa viti, na mipaka yake imewekwa kwa miili iliyoishi kwenye viti. Bibi wa Kojani aliyekula, kusali na kuchambua karafuu chini kwa miaka 70 hapimwi vizuri kwa kiti. Chukueni mkeka, chukueni saa, nendeni Wingwi, Mtambwe, Kengeja, mkawapime wazee wetu wanavyokaa na kuinuka, wanaume na wanawake, wa mwani na wa dukani, wanaosali chini na wanaosali kitini, kisha muwafuatilie miaka. Mlango wa chumba changu uko wazi kwa atakayeanza, na orodha ya wazee walio tayari kupimwa ninayo.